Barafu Nyembamba

Ziwani, kaskazini mwa Uswidi,
Sixten anagonga barafu kwa fimbo ya chuma.
Ikiwa nene, huitika kwa besi, kama pipa;
ikipungua, mtetemo hukaza mwendo,
sauti hupanda, hupanda,
hadi filimbi: rudi.

Miaka arobaini sikio limemvusha.
Lakini masikio huzeeka kuanzia juu:
mbu ndiye wa kwanza kunyamaza,
kisha kengele ya baiskeli,
kisha ile S mwanzoni mwa jina lake.

Leo nimemtangulia, mita mia tatu na ushee.
Nagonga. Filimbi.
Nuru imeshamfikia, haikungoja hata kope:
ameiona fimbo yangu ikishuka.
Sauti inakwenda kwa miguu,
sekunde nzima,
inafika, inabisha hodi
kwenye nyumba isiyo na mtu.

Anatabasamu. Anakuja.

Napiga magoti, navua koti jekundu, nalipunga:
wekundu, wimbi refu kuliko yote
ambayo jicho hulijua.
Kati yetu umebaki mwanga tu.

Anasimama. Mdomo wake unafunguka,
nami nasubiri,
nasubiri,
ndipo linanifikia swali:
"Gunvor, umesikia nini?"