Wale wa Mabalungi

Miaka arobaini na mmoja, hapa Concordia,
kabla jua halijavuka mto kutoka ng'ambo ya Uruguay,
nimekata balungi moja kwa kisu cha marehemu baba,
nikalinyunyizia chumvi, si sukari,
nikalila nimesimama mlangoni
maji yakinitiririka hadi kiwikoni.
Zubiaurre, wale wa mabalungi:
ndivyo tunavyoitwa hata kwenye foleni ya benki.

Mwezi wa tano damu yangu ilirudi na karatasi.
Daktari Etchart alizungushia tarakimu moja kalamu nyekundu,
akauliza Jumapili tunachoma nini.
Mbavu, nikamwambia, utumbo, soseji ya damu,
na mafuta yanayodondoka tunayakinga kwa mkate.
Hakucheka.
Kidonge kimoja, Don Evaristo, kila usiku,
na baada ya wiki sita urudi tupime tena.
Kuna dawa nyingine unayotumia?
Hakuna.
Matunda hakuuliza. Nami sikutaja.
Nani humtajia daktari hewa anayovuta?

Karatasi ya ndani ya boksi ilikunjwa mara nane,
herufi zake kama mayai ya chawa.
Nikaifanya kabari ya dirisha linalogongagonga.

Ikaja Juni, mavuno.
Siku ya tatu ngazi ilinikataa.
Vipandio vinne tu, na mapaja yanauma
kana kwamba nimepigwa mpini wa jembe usiku kucha.
Uzee, nikasema.
Baridi, akasema jirani yangu Anselmo,
kisha akaniinamia: Tupa vidonge hivyo.
Mimi vyangu niliwapa bata.
(Bata hawajambo.
Anselmo hupumzika mara mbili kabla ya kufika lango lake.)

Siku ya nne nilikojoa nyuma ya trekta,
ukatoka rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nikautazama ukizama mchangani.
Nikaufukia kwa kiatu, kama paka.

Hermelinda hakuambiwa. Aliona mwenyewe:
nilikaa sakafuni kuvua viatu
nikashindwa kuinuka.
Alichukua ufunguo wa gari, na boksi, akalitia mkobani.

Kule hospitali mfamasia alikuwa binti mdogo, Rocío Waigandt,
kucha zake zimeumwaumwa.
Aligeuza boksi, akauliza swali la chekechea:
Asubuhi unakula nini?
Mke wangu akajibu kabla yangu.
Binti akaweka kalamu chini.

Akasema utumboni mna bawabu
anayezuia sehemu ya dawa isipite,
na balungi humfunga bawabu huyo mikono.
Si dawa zote, akasema, ila yako ni mojawapo.
Kila usiku nilimeza kimoja,
kikaingia damuni na ukoo wake mzima,
na misuli ndiyo iliyolipa karamu.

Siku tano nililala na maji ya chupa mshipani.
Wakapima figo, wakapima ini.
Wiki saba bila kidonge, kwa amri ya Etchart,
si ya bata.
Kisha akaniandikia kingine, cha ukoo tofauti,
kipimo kidogo, na damu kuchunguzwa mapema.
Hiki hakigombani na tunda. Nilimuuliza.
Nikampigia Rocío, nikamuuliza naye.
Nikaomba aseme tena.

Siku hizi dada yangu akileta majani yake ya kuchemsha,
simu kwanza.
Paja likiuma bila sababu, simu siku hiyohiyo.
Na ile karatasi niliitoa dirishani,
nikavaa miwani ya Hermelinda:
ukurasa wa pili, chini,
tunda letu limetajwa kwa jina,
kama mtu anayetafutwa na polisi.
Dirisha linagonga tena. Nitalitengeneza.

Septemba yalibaki matatu tu mtini.
Nilichuma moja, nikanoa kisu cha baba,
nikasimama mlangoni na chumvi yangu.

Nilikuwa nimesahau
lilivyo chungu.