Nyoka wa Bati

Rweyongeza alinipa bati, futi nne kwa tatu,
na elfu thelathini ya kuanzia.
Akasema: nichoree nyoka.

Nikacheka. Duka la dawa, Tandale kwa Mtogole,
watu wanakuja wameshika roho mkononi
na wewe unawawekea nyoka mlangoni?
Akanionyesha kwenye simu:
fimbo moja, nyoka mmoja, mizunguko mitatu.
Usimtie mabawa, akasema. Fimbo yenye mabawa
ilikuwa ya mungu wa wafanyabiashara.
Huyu ni wa Wayunani wagonjwa.

Nikalipiga bati msasa.
Umeme ulikuwa umekatika, wateja hakuna,
akakalia kreti la soda, akaanza:

Zamani kule, mgonjwa akishindikana nyumbani
alibebwa hadi hekaluni. Akaoga, akatoa jogoo,
akalala sakafuni na wenziwe,
na taa zikishazimwa, nyoka wapole
walipita katikati yao wakilamba,
jicho la huyu, jipu la yule.
Kulipokucha kila mtu aliulizwa: umeota nini?

Kaka, nikamwambia, hekalu hilo nalijua.
Liko Mwananyamala. Nimelala koridoni siku tisa
juu ya kanga ya mama,
ndala zangu nimezifanya mto zisije zikaibwa.
Kinachopita katikati yetu ni toroli,
gurudumu lake moja linalia kama kifaranga.
Na kukicha hakuna anayeuliza tumeota nini.
Wanauliza risiti.

Mama ana sukari. Mguu wa kushoto.

Hata hilo Rweyongeza alikuwa nalo:
Wayunani waliupa ugonjwa huo jina la kupita,
kama maji yapitavyo bombani,
na tabibu wao mmoja aliandika kuwa nyama ya mtu
huyeyuka, ikashuka na mkojo.
Brashi ikanisimama mkononi.
Miaka yote ile ya ndoo uvunguni,
mama akiamka mara sita usiku, akijitania gizani:
"Mwenzenu sizeeki, namwagika."
Darasa la tatu hakulimaliza.

Juzi Nesi Editruda alimpaka asali kidondani.
Mama akaitazama asali, akanitazama mimi:
"Chai yangu wameikataza sukari,
mguu unakunywa yake imekolea."
Wodi nzima ikacheka, hata yule wa kitanda cha dirishani
ambaye hakuwa amesema neno tangu Ijumaa.
Asali, akasema Rweyongeza, na siki, na divai,
ndivyo walivyosafisha majeraha ya askari wa Rumi.
Miaka elfu mbili, nikawaza,
na bado tunachovya kopo lile lile.

Halafu akaniambia la mwisho, bila kujua anamwambia nani.
Aliyepona aliacha hekaluni kiungo cha udongo:
sikio, titi, mkono, mguu.
Kuta zilijaa. Makuhani wakachimba mashimo,
wakavifukia, wakapata nafasi ya vingine.

Jumatano waliukata. Chini ya goti.
Nilitia sahihi mimi, fundi Pazi,
ambaye herufi zangu zimesimama wima toka Manzese hadi Magomeni,
na jina langu likalala kwenye karatasi
kama limeandikwa na mtoto.

Bango sasa limetundikwa.
Nyoka ni wa kijani, nimempa jicho la upole,
ila Bi. Siwatu wa vitumbua bado anavuka barabara
asikanyage kivuli chake, anamtuma mjukuu dawa ya presha.
Ukiinama, pale fimbo inapogusa ardhi,
kuna mguu mdogo kama kidole gumba.
Wa kushoto. Vidole vitano vyote,
na kovu la jembe kifundoni.

Rweyongeza aliuona siku ya kunilipa.
Akauvulia miwani, akauvalia tena.
Shukrani? akauliza.

Nikamwambia rangi ilibaki.