Kisiwa cha Mutuini

Tulilipa shilingi mia saba kila mtu
kwenda kuionja Nairobi.
Mutheu wa idara ya mizigo alisema: njooni, kuna shamba
limezungukwa na ghorofa pande tatu,
upande wa nne mto. Mwenyewe analiita kisiwa.
Tukacheka. Kisiwa, Dagoretti?

Lakini ukiteremka ile njia ya udongo mwekundu,
nguo za watu wa orofa ya tano zikikudondoshea maji utosini,
ngurumo ya jenereta inabaki huko juu
nawe unaingia mahali
ambapo mwenye kelele ni bata peke yake.

Bi Waithira hakuwa na hotuba.
Alimpa kila mmoja panga butu.
"Anayekula ndiye anayechimba."
Nduma zikatoka topeni na ndevu zao,
kama mabawabu wa zamu ya usiku.
Okumu akauliza tulichoogopa kuuliza sote:
Maji haya, mama, yanatoka wapi?
Hakukasirika. Alimshika mkono hadi nyuma ya migomba,
akamwonyesha chemchemi, upana wake sufuria,
akainama, akanywa yeye kwanza.

Zilichemka hadi adhuhuri. Tukazila na chumvi tupu,
zikituunguza, tukipuliza, tukizila.
Tukala managu yaliyolala na maziwa usiku kucha,
uchungu wake ukija polepole
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Matunda damu tuliyapasua kwa meno;
shati la Kiplimo likabaki na ushahidi.
Na Naliaka wangu, miaka sita, mtoto wa maziwa ya pakiti,
alipewa kikombe chenye povu, joto la kiwele bado limo,
akaonja, akakirudisha kwa adabu:
"Mama, haya yana ng'ombe ndani."

Bi Waithira alicheka hadi akakaa.
Alikaa juu ya jiwe lililopakwa rangi nyekundu kichwani,
nambari zimeandikwa ubavuni.
Sikuuliza. Sisi tunaolipa kodi kwenye ghorofa zile
tunajua mawe ya namna hiyo huota nini.

Ilipofika zamu ya thabai alituonya:
kamata kwa nguvu, ukiogopa itakuuma.
Niliogopa.
Supu yake ilikuwa kijani kibichi, yanuka mvua ya Aprili,
nikaomba bakuli la pili kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukiwaka moto.

Jioni tukapanda kilima, nduma zangu nne ndani ya gazeti,
Naliaka amelala begani, masharubu ya maziwa mdomoni
(kumbe alirudi kisirisiri akamaliza kile kikombe).

Jumatatu, kwenye dirisha la malipo, nikihesabu noti za watu,
vidole vitatu vilikuwa bado vinawasha.
Mwenzangu akanisukumia kopo la mafuta.
Sikuvipaka.
Nilivikuna taratibu, kimoja baada ya kingine,
mteja akisubiri chenji yake.