Kituo cha Kubonyeza

Treni hapa haisimami ila kwa kuombwa.
Kuna kitufe ukutani, chekundu, kimechubuka,
na juu yake kibao cha Kiromanshi:
bonyeza kama unasafiri.

Mimi sisafiri.
Natoka zizini na mabuti yangu ya mpira,
harufu ya maziwa mikononi,
saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili,
nabonyeza.

Bonde husikia kabla yangu: reli zaanza kunong'ona
upande wa handaki, theluji yaporomoka misonobarini.
Kisha taa mbili. Kisha yeye,
Jachen, kitindamimba wangu, nyuma ya kioo,
kofia ya kampuni imemshuka hadi nyusini.

Tangu niuze malisho ya juu bila kumwuliza
hatusemezani.
Lakini kanuni ni kanuni: akiombwa, lazima asimame;
akisimama, lazima afungue mlango
nusu dakika.

Mimi naye tunaitumia hiyo.
Yeye hutazama mbele.
Abiria hutazama saa zao.

Jana nusu dakika ilipita, nilihesabu,
na mlango haukufungwa.
Kipaza sauti kikakwaruza:
"Mama, buti lako la kushoto limepasuka."