Uso wa Nyundo

Mjini, nyuma ya kioo cha duka,
seti ya nyundo saba imelala kwenye sanduku la buluu
kama vijiko vya bibi harusi.
Bei yake ni mshahara wangu, kasoro nauli.
Nikashika moja, nikaipima, nikairudisha taratibu,
nikamwambia binti wa kaunta kwamba nitarudi.
Tulijua sote wawili.

Basi Katwe.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku,
tope limekunywa vumbi la chuma, linang'aa kama magamba,
na kila kibanda kinagonga lake:
huyu sigiri, huyu geti, huyu kiti cha saluni.
Kelele za pale husikilizi kwa masikio.
Unazisikia kwenye meno.

Lwasampijja ametandika gunia,
nyundo tano juu yake, hakuna inayofanana na nduguye.
"Hii ilikuwa ekseli ya lori la matooke.
Hii sijui, aliileta mtoto."
Ya tatu, bapa, ni springi ya basi
iliyokunjwa shingo kama bata.
Na kando, peke yake, kipande cha reli
cha urefu wa kiganja,
tarakimu za mwaka zimeliwa na kutu, imebaki tisa.

Nilikuja na elfu sitini, nimezigawa mifuko miwili
ili mfuko mmoja uweze kusema uongo.
"Thelathini tu ndizo nilizo nazo, ssebo."
Akautazama ule mfuko wa pili.
"Gari la biashara?"
"La kwangu. Najifunza."
Akacheka mpaka jirani akazima mashine ya kuchomelea:
"Unajifunzia gari lako mwenyewe!
Wenzako hujifunzia magari ya watu!"

Hamsini na tano, nyundo tatu na reli.
Mpini wa mpera akaongeza bure,
na neno moja, hilo nalo bure:
"Usipige leo. Uso wa nyundo ukiwa na kovu,
kila pigo linazaa kovu."
Elfu mbili nikala kikomando, nimesimama,
na tatu zikanirudisha hadi Mukono tu.
Kutoka Mukono nilimpigia simu shemeji. Hayo tuyaache.

Usiku wa kwanza, tupa.
Usiku wa pili, msasa: mkali, halafu mpole,
halafu ule wa maji, mweusi, laini kama sikio la mbuzi.
Usiku wa tatu, dawa ya meno,
mpaka Apolot akauliza kama nyundo nayo inakwenda kuposa.
Sikumjibu. Nilikuwa nimeiona taa ya sebuleni
imo ndani ya chuma, ndogo kama punje ya mtama.

Jumamosi, Walukuba, uani.
Pijo ya mwaka themanini na mbili
ina bonde kwenye madigadi ya kushoto
lenye umbo kamili la nguzo ya geti letu.
Aliyegonga hajulikani.
Funguo ziko mbili, moja ninayo mimi.

Apolot, bila kuitwa, akaacha nguo kwenye beseni,
akajilaza juu ya gunia,
akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu, reli kiganjani.
Nikaanzia pembeni,
kama mtu anayekula uji wa moto.
Tak. Tak. Bati likaanza kukumbuka.
Kisha pigo moja likateleza,
likavimba pale kama chapati inayojaa hewa,
nami nikatukana kwa Kigisu, lugha asiyoijua,
akacheka kwa kuielewa.

Nikatua nyundo. Jasho, nzi, redio ya jirani.
Sikujua pa kuendelea.
Ndipo kutoka upande wa pili, gizani mwa bati,
reli ikagonga mara mbili.

"Hapa," akasema.
"Liliingilia hapa."