Hayupo, Hayuko, Hayumo

Toleo jipya limeshuka saa nane usiku,
Nairobi haina sauti ila jenereta ya jirani
na mbwa wa Kawangware wanaojibizana na wa Lavington
kana kwamba hakuna ukuta.
Nimechemsha chai, nimeketi, nimesoma.

Lugha, wanasema, sasa ni nyepesi.
Kitanzi kilichokula mistari saba kinaenea katika mmoja,
kama shuka mikononi mwa mtu anayejua kukunja.
Tarehe zinazifahamu saa zetu bila kubembelezwa.
Amri moja ya zamani imestaafishwa:
ukiiita itakuja, lakini na onyo la manjano,
kama karani aliyekwisha kuagwa kwa keki na soda
na Jumatatu yumo ofisini, anaulizia barua zake.

Hayo niliyapokea. Kipengele cha nne ndicho kilichonishika mkono:

kuanzia leo tupu si thamani.
Anayeweza kukosekana atangazwe kuwa aweza kukosekana,
nawe kabla ya kumwita useme
utafanya nini asipoitika.

Nikauhamisha mfumo wa chama cha akiba,
wauza mitumba wa Gikomba, elfu mbili mia tatu na kumi na wawili.
Miaka sita umekimbia bila kunung'unika.
Nikabonyeza. Ukagoma.
Makosa mia nne na tisa, mekundu,
yote yakinyoosha kidole mahali pamoja:
jina la mrithi.

Mia nne na tisa hawakuandika mtu,
na lugha ya jana ilipita hapo
kama mhudumu wa dirishani saa saba kasorobo,
njaa imemshika: haikuuliza, haikusema.
Ochola aliyeandika sehemu hiyo kabla ya kuhamia Kigali
aliacha maelezo ya mstari mmoja:
ikiwa tupu, endelea.
Nikayasoma kwa sauti, peke yangu jikoni.
Ikiwa tupu, endelea.
Chai ikapoa.

Asubuhi nikaanza kupiga simu, kutoka juu ya orodha.

Syombua wa viatu vya watoto, kibanda cha chini karibu na mto,
alinisikiliza huku akivutana bei na mteja.
"Mrithi? Hayuko.
Alitoka mwaka wa mafuriko, mara nasikia Juba, mara Dubai.
Hayuko, lakini usimfute. Mia mbili hamsini, mama, ya mwisho!"

Barasa wa makoti: "Wangu hayupo.
Nilimzika Lang'ata mwenyewe.
Andika hayupo, tumalize."

Nyaboke wa mikanda akacheka, kisha kimya,
nikasikia mkokoteni ukipita nyuma yake.
"Mama ninaye. Namba yake ninayo.
Ila kwenye karatasi zenu hayumo. Mwache hivyo."

Nikarudi kwenye mashine.
Waliotunga toleo hili, popote walipo,
wamejaza kurasa tatu kutangaza ugunduzi:
kukosekana kuna sura zaidi ya moja.
Wangemuuliza Kwekwe, mlinzi wa lango letu, mtu wa Kinango.
Sisi wa hapa tunabwaga "hayuko" kwa kila jambo;
yeye hupima.
Akija wakala wa kodi: hayupo, yaani hapa nilipo mimi.
Akija mdeni wako: hayuko, kamtafute duniani.
Akija shangazi na kikapu: hayumo ndani, lakini ngoja, anarudi.
Silabi moja mkiani, na mgeni anajua
kama aketi au aondoke.

Basi nimeandika matawi matatu
pale Ochola alipoandika endelea.

Saa kumi jioni nimefika wa thelathini na moja.
Salio limekwisha, nimekopa, limekwisha tena.
Mkuu wangu anauliza kwa nini toleo halijapanda,
aliambiwa ni kazi ya dakika kumi.
Nimemjibu bado naita.
Simu inalia mahali fulani Gikomba, katikati ya marobota,
na sijajua bado
nitafanya nini asipoitika.