Ya Kutosha

Siku ya kwanza nilikiosha kama mtu anayeogopa kukiamsha,
kidari cha ng'ombe, ratili kumi na mbili,
mafuta upande mmoja kama theluji iliyokataa kuyeyuka
huku Duluth, mwezi Machi, ambako theluji hukataa mengi.

Nikapima chumvi. Nikapima na ile ya waridi
kwa mizani ya kupimia barua,
maana ikizidi ni sumu, ikipungua ni nyama tu.
Baba hakupima. Duka lake la pastrami kule Cleveland
halikuacha kitu ila kijikaratasi, nyuma ya risiti ya umeme:
*Chumvi, ya kutosha. Sukari, ya kutosha. Siku, za kutosha.*
Kutosha kwa nani, baba?

Siku saba nimekigeuza kila asubuhi
kabla ya kahawa, kabla ya kusema na mtu
(wa kusema naye ni redio),
mkono ndani ya maji ya chumvi hadi kiwikoni,
baridi ikipanda mfupani.
Rafu ya chini, Minna alipokuwa akiweka matango yake,
sasa ina ndoo. Nimeiomba radhi rafu.

Siku ya nane, maji safi, tena maji safi.
Kisha pilipili manga niliyoitwanga mwenyewe,
chengachenga, si unga,
na giligilani.
Hapo dada yangu Perl, kwa simu kutoka Phoenix:
"Giligilani? Baba hakutia giligilani."
Alitia.
"Nilikaa nyuma ya kaunta miaka kumi na mmoja, Tuviah.
Wewe ulikuwa unacheza hoki."
Nikailaza simu kifudifudi mezani,
sauti yake ikaendelea kuulaumu ubao.

Jiko lenyewe ni zawadi ya binti yangu.
Lina punje za mbao, mwaloni na mcheri,
zimesagwa zikashindiliwa, utadhani chakula cha sungura;
lina parafujo ya kuulisha moto kidogo kidogo
na kompyuta inayojua kila kitu isipokuwa njaa.
Baba alikuwa na pipa, na macho mekundu.
Mimi nina kidude kinacholia mfukoni.
Niliona haya. Nikawasha.

Saa moja asubuhi, moshi mwembamba wa buluu,
wa kuonekana ukiutafuta tu.
Saa tano nyama ilifika nyuzi mia na sitini.
Saa sita: mia na sitini.
Saa nane: mia na sitini.
Nyama imegoma.

Naujua mgomo. Miaka ishirini na sita gatini,
nikipakia madini ya chuma kwenye meli za ziwani;
vuli moja tulisimama nje ya lango, tumezunguka pipa la moto,
na wenye kampuni wakasema, watachoka.
Kisichosogea, si kwamba hakifanyi kitu.
Humo ndani jasho linatoka, kano zinalegea,
ugumu unajadiliana na nafsi yake.
Sikuongeza moto.
Sitavunja mgomo uani mwangu mwenyewe.

Jirani, Torvald Aune, akaja na sepetu la theluji begani,
akasema hakuja kwa ajili ya harufu.
Akasimama kwa ajili ya harufu.

Saa moja usiku: mia sitini na moja.
Nilipiga ukelele hadi mbwa wa Aune akajibu.

Kisha mvuke, kisha kupumzika ndani ya taulo kama mgonjwa wa homa,
kisha kisu, nyuzi zikikatwa kingamo,
gamba jeusi, moyo wa waridi.
Aune alikula amesimama, glavu moja bado mkononi.
Hakusema neno. Alinyoosha sahani tena.

Nami nikatafuna nikimtafuta baba.
Chumvi ilikuwepo. Moshi ulikuwepo, mpole mno,
moshi wa mtu aliyestaafu.
Kitu kimoja kilikuwa mgeni mezani,
kina harufu ya ganda la limau na droo ya zamani.
Nikakijua.

Usiku ule nikampigia Perl.
Nikamwambia mkate umekauka kidogo, haradali ni nzuri,
theluji imeanza tena.
Akangoja. Huyu anaweza kungoja kuliko kidari.
"Na giligilani?"
Ya kutosha, nikasema.